Ini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara, na utafiti wa karibuni unasemaje

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wasomaji: wengine wamepimwa juzi wakapewa karatasi wasiyoielewa, wengine wana ndugu wodini, wengine wamesoma habari ya dawa mpya wakataka kujua kama ni kweli. Majibu hayalingani urefu. Lililo na mengi ya kusema tumelisema kwa mapana, na linalojibika kwa mstari mmoja limepewa mstari mmoja.

Kwa nini ugonjwa wa ini hugunduliwa mtu akiwa hoi?

Ini lenyewe halina mishipa ya kuhisi maumivu. Ni ngozi nyembamba inayolifunika tu ndiyo inayouma, tena pale ini linapovimba na kuivuta. Lina uzito wa kilo moja na nusu hivi kwa mtu mzima, na lina akiba kubwa. Mwaka 1931 watafiti wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, walikata theluthi mbili za ini la panya, na baada ya majuma machache lilikuwa limerudia ukubwa wake. Kiungo chenye akiba kiasi hicho kinaweza kuliwa taratibu kwa miaka 20 huku mwenyewe analima, anacheza mpira, anazaa. Macho yakigeuka manjano na tumbo likijaa maji, ujue akiba imekwisha.

Ndiyo maana karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye kupima.

Homa ya ini na homa ya manjano ni ugonjwa mmoja?

Hapana, na mchanganyo huu umewapotezea watu muda mwingi. Homa ya manjano huletwa na mbu, na chanjo yake ndiyo ile ya kadi ya njano ya wasafiri. Homa ya ini ni uvimbe wa ini, mara nyingi wa virusi A, B, C, D au E. Macho ya manjano ni dalili tu, na dalili hiyo hutokea kwenye magonjwa mengi, hata kwenye mawe ya nyongo. Ukichanjwa homa ya manjano hujakingwa homa ya ini.

Nimekutwa na virusi vya B. Nimebakiza muda gani?

Pole kwa mshtuko. Wengi wenye virusi hivi hawafi kwa virusi hivi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi navyo. Sehemu kubwa yao hawajui, kwa kuwa waliopimwa wakaambiwa ni kama 13 tu kati ya kila 100.

Swali linalofaa kumuuliza daktari ni hili: ini langu limeshaanza kuota makovu au bado? Makovu yakizidi ini husinyaa, yaani sirosisi, na hapo hatari ya saratani hupanda sana. Makovu hayaonekani kwa macho wala kwa kipimo kile cha kwanza cha HBsAg, ambacho kazi yake ni kusema virusi vipo au havipo. Kwa hiyo ukiambiwa "una B", hiyo ni sentensi ya kwanza tu ya maelezo. Usiondoke kabla hujasikia ya pili.

Mwaka 2018 niliambiwa sihitaji dawa. Sasa daktari mwingine anataka nianze. Nani mkweli?

Wote wawili. Kilichobadilika ni mwongozo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ulikuwa na masharti magumu: uwe na sirosisi, au uwe umevuka miaka 30 huku vipimo vya ini viko juu na virusi kwenye damu vimezidi 20,000. Kipimo cha kuhesabu virusi ni ghali na hakipatikani kila hospitali, kwa hiyo watu wengi walibaki wanaambiwa "rudi baada ya miezi sita" mpaka wakarudi na tumbo la maji. Mwongozo wa Machi 2024 umefungua milango minne kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12. Mmoja ni makovu ya kiasi. Wa pili ni virusi zaidi ya 2,000 pamoja na ALT iliyopanda, yaani kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia. Wa tatu ni kuwa na jambo jingine linaloongeza hatari, kama kisukari, VVU, au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya ini. Wa nne ndio ninaoupenda kuliko yote: pale kipimo cha virusi hakipatikani, ALT inayobaki juu muda wote inatosha. Waliouandika waliikumbuka hospitali ya wilaya.

Na makovu hayo unaweza kuyakadiria kwa karatasi uliyo nayo nyumbani. Tafuta AST, kimeng'enya ndugu wa ALT, na chembe sahani (platelets), zile za kugandisha damu. Tuseme AST yako ni 48, na maabara imeandika kiwango cha juu cha kawaida ni 40. Gawa 48 kwa 40, unapata 1.2. Chembe sahani zako ni 160. Gawa 1.2 kwa 160, zidisha kwa 100: unapata 0.75. Hesabu hii inaitwa APRI, na mwongozo mpya unasema ikizidi 0.5 mtu mwenye B anastahili dawa. Zamani walikuwa wanasubiri ivuke 2. Haihitaji mashine wala rufaa, kalamu tu, ingawa si kamilifu na wa kuamua dawa ni daktari.

Kuhusu ALT, angalia jambo moja. Maabara nyingi bado zinaandika kikomo cha 40 au hata 50. Mwongozo unatumia 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Dada mwenye ALT ya 35 ataambiwa "kawaida" kwenye karatasi, na kumbe si kawaida.

Dawa yenyewe ni ile ya UKIMWI?

Tenofovir, ndiyo. Inafanya kazi kwa virusi vyote viwili kwa kuwa vyote hunakili vinasaba vyao kwa namna inayofanana. Hili lina faida: mwenye VVU anayemeza kile kidonge kimoja cha siku chenye tenofovir tayari anatibiwa B pia. Lina na hasara: wenye B pekee huficha kikopo kabatini wasije wakaulizwa maswali, halafu wanaruka dozi. Kuiacha ghafla bila ushauri ni hatari, virusi huweza kulipuka na kuliunguza ini kwa majuma machache. Bei si kisingizio kikubwa tena, maana bei ya marejeo ya kimataifa ni dola 2.4 kwa mwezi. Kinachokwamisha ni dawa kuwekwa kwenye kliniki za VVU tu, mwenye B akienda anaambiwa si mlengwa.

Kwa nini basi haiponi kabisa?

Kirusi cha B kikiingia kwenye seli ya ini huacha nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini, imefungwa mduara kama shanga za kiunoni, haina mwanzo wala mwisho wa kushika. Tenofovir huzuia nakala mpya zisitoke, lakini ule mduara haiugusi. Ukiacha dawa, unaanza tena kutoa nakala.

Mlango anaoingilia kirusi hiki kwenye seli ulijulikana mwaka 2012 tu, kwenye maabara ya Wenhui Li huko Beijing. Ni protini ambayo kazi yake halisi ni kupitisha chumvi za nyongo. Ugunduzi huo umeshazaa dawa, bulevirtide, iliyopata kibali cha masharti Ulaya mwaka 2020 kwa ajili ya kirusi D, ambacho hutumia mlango uleule na huishi tu kwa mtu mwenye B.

Kwa B yenyewe, dawa iliyosikika zaidi ni bepirovirsen, sindano ya kila juma kwa majuma 24. Kwenye jaribio la awamu ya pili lililochapishwa mwaka 2022, kama watu 9 hadi 10 kati ya 100 waliopata dozi kamili walipoteza alama za virusi na zikabaki zimepotea miezi sita baada ya kuacha sindano. Unaweza kuona ni wachache. Waliokaa miaka 30 kwenye fani hii hawakuona hivyo, kwani kwa vidonge peke yake jambo hilo hutokea kwa nadra sana. Hatua iliyofuata ni awamu ya tatu, yenye watu wengi zaidi. Anayekuuzia "tiba ya B" kwenye chupa leo anakuibia.

Mtoto wangu alipata chanjo zote kliniki. Hiyo "chanjo ya siku ya kwanza" ni nini tena?

Chanjo ya B imo ndani ya penta, ambayo Kenya na Tanzania mtoto huipata akiwa na majuma 6, 10 na 14. Shida iko kwenye yale majuma 6 ya mwanzo. Mama mwenye virusi humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na mtoto akiambukizwa siku hiyo uwezekano wa kubaki navyo maisha yote ni kama 90 kati ya 100. Mtu mzima akiambukizwa ni chini ya 5 kati ya 100, wengine wote hujitibu wenyewe. Virusi ni vilevile. Ni kinga ya mtoto mchanga tu isiyovitambua kama wageni.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema tangu 2009 kila mtoto adungwe ndani ya saa 24. Mwaka 2022 kanda ya Afrika ya shirika hilo ndiko yalikotokea maambukizi mapya 63 kati ya kila 100 duniani, na ni watoto 18 tu kati ya 100 walioipata dozi hiyo. Gavi, mfuko wa kimataifa wa chanjo, iliridhia kuigharamia mwaka 2018, janga la korona likaisimamisha, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Uliza hospitali unayotarajia kujifungulia kama wanayo. Na kabla ya hapo omba kupimwa HBsAg kliniki ya wajawazito. Ukiwa nayo, tenofovir ya miezi ya mwisho ya mimba humpunguzia mtoto hatari zaidi, na mwongozo wa 2024 unaruhusu mama apewe hata kama kipimo cha kuhesabu virusi hakipo.

Kama unataka ushahidi, Taiwan ilianza kuchanja watoto mwaka 1984. Baada ya miaka kama 10 hivi, saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu, kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000. Hii ndiyo chanjo ya kwanza duniani kuonyeshwa kuwa inazuia saratani.

Mume wangu anayo. Tutenge sahani?

Hapana. Haiambukizi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kunyonyesha. Tenga wembe, mswaki na kikata kucha. Wewe na watoto mpimwe, asiye nayo achanjwe mara tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita.

Nimekataliwa safari ya kazi Ghuba kwa sababu ya B. Nikitumia dawa kipimo kitabadilika?

Swali hili huja sana kutoka Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Kipimo cha afya cha wanaokwenda kufanya kazi nchi za Ghuba huhesabu HBsAg kuwa kigezo cha kukataliwa. Tenofovir hushusha idadi ya virusi lakini HBsAg huendelea kuonekana kwa walio wengi, miaka na miaka. Kwa hiyo usimlipe wakala anayekuahidi "kuisafisha" ndani ya mwezi. Kinachouma zaidi ni kwamba kijana anapewa karatasi ya kukataliwa bila mtu wa kumweleza afanye nini na ini lake. Ukipata karatasi hiyo, ipeleke hospitali. Huenda hicho ndicho kipimo pekee cha ini utakachowahi kufanyiwa bila kuumwa.

Na homa ya ini C?

Hiyo inapona. Vidonge vya majuma 8 hadi 12 humponya zaidi ya mtu 95 kati ya 100. Kirusi kilitambuliwa mwaka 1989, na Alter, Houghton na Rice wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Kisa cha Misri hapa kinastahili kusimuliwa. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali yao ilipambana na kichocho kwa kampeni kubwa za sindano. Dawa ilihitaji kudungwa mara nyingi kwenye mshipa, sindano zilikuwa za kioo, zikichemshwa haraka haraka na kurudiwa kwa mtu anayefuata kwenye mstari. Kichocho kilipungua, C ikasambaa kijiji hadi kijiji bila mtu kujua, maana haikuwa hata na jina. Misri ikawa nchi yenye C nyingi kuliko zote duniani. Hapa kwetu wazee walioishi na sindano za kurudia wanaielewa habari hii bila maelezo.

Dawa ya sofosbuvir ilipotoka Marekani mwishoni mwa 2013 kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000, tiba nzima dola 84,000. Misri ikajadiliana mwaka 2014 hadi dola 900, kisha viwanda vya nchini vikaishusha zaidi. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 walipima karibu watu wazima milioni 50. Oktoba 2023 wakatambuliwa kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu kwenye njia ya kuitokomeza C. Rwanda nayo ilizindua mpango wa kuitokomeza mwaka 2018. Siku hizi tiba nzima imeshapatikana kwa mikataba ya kimataifa kwa dola 60 hivi. Chanjo ya C bado haipo.

Sumukuvu inahusianaje na ini? Si ni ukungu wa mahindi tu?

Ni sumu inayotolewa na ukungu huo, na ini ndiko inakoshughulikiwa. Ini likijaribu kuivunja huzaa kitu kikali kinachonasa kwenye vinasaba. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza saratani za ini kutoka Qidong, China, na kusini mwa Afrika walikuta kosa lilelile kwenye herufi ileile ya jeni inayoitwa p53, mgonjwa baada ya mgonjwa. Ni nadra kwa saratani kuacha alama ya kidole namna hiyo.

Halafu kuna hesabu ya Shanghai, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanaume waliokula sumukuvu bila kuwa na virusi B walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya wengine. Wenye virusi bila sumukuvu, mara 7.3. Wenye vyote viwili? Mara 59. Kila nikiisoma namba hiyo huifikiria familia inayokula ugali wa mahindi ya kuvunda msimu mzima, na nusu yake haijapimwa B.

Sumu ikiwa nyingi kwa mpigo haisubiri saratani. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa kitovu, waliugua watu 317 na kufa 125. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua 68 na kufa 20, wengi watoto. Kilichowaua ni chakula chao wenyewe, kutoka kwenye ghala zao wenyewe.

Nikichemsha sana ugali inakufa?

Haifi. Moto wa jikoni hauiwezi, kwani si mdudu. Inapunguzwa kabla ya kufika jikoni.

Kwanza shambani. Ipo dawa ya kibiolojia inayoitwa Aflasafe: punje za mtama zilizopakwa ukungu ndugu wa ule mbaya, ila huu hauwezi kutengeneza sumu. Unamwaga kilo 4 kwa ekari, majuma mawili hadi matatu kabla mahindi hayajatoa maua, ukungu mwema unawahi nafasi. Imesajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania 2018, na mara nyingi hupunguza sumu kwa zaidi ya 80 kati ya 100.

Pili kukausha. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna mashine? Chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu kijiko kikubwa kimoja au viwili, jaza punje mpaka theluthi, ziba, tikisa dakika chache, iache itulie robo saa. Ukiona chumvi imenata kwenye kioo kama vumbi kwenye kioo cha daladala, rudisha mahindi juani, kwenye turubai wala si kwenye udongo. Ikiteremka yote chini, fungia.

Tatu kuchambua. Punje zilizotoboka, zilizovunjika na zenye rangi ya kijani au kijivu ndizo hubeba sumu nyingi. Kukoboa nako husaidia, maana sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Hapa wapenda dona tunabanwa kidogo: dona ya mahindi safi ina lishe kuliko sembe, dona ya mahindi mabaya ina sumu kuliko sembe. Na zile pumba zikimwagiwa ng'ombe sumu hurudi kwenye maziwa kwa sura nyingine. Kikomo cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa kila bilioni, kiasi ambacho ulimi hauonji na jicho halioni, kwa hiyo mahindi yanayong'aa nayo si hakikisho.

Ndugu yangu wa kanda ya ziwa anatapika damu. Wanasema amelogwa.

Mpelekeni hospitali leo. Kichocho cha matumbo, kinachopatikana sana pembezoni mwa Ziwa Victoria, huweka mayai ambayo mkondo wa damu huyasukuma hadi kwenye ini. Kila yai huzungukwa na kovu, mishipa ya ini hubanwa, damu hutafuta njia ya pembeni kwenye koo, mishipa hiyo hutanuka na siku moja hupasuka. Ajabu yake ni kwamba vipimo vya kawaida vya ini vinaweza kutoka vizuri kabisa, kwa kuwa seli zenyewe bado nzima. Ndiyo sababu watu hukosa maelezo wakarudi kwenye uchawi. Altrasaundi huyaonyesha makovu hayo.

Jipya ni kwamba watoto wadogo sasa wamepata dawa yao. Prazikwanteli ya kawaida ni kidonge kikubwa na kichungu. Ya watoto, arpraziquantel, huyeyuka kwenye maji, ilijaribiwa kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6 nchini Kenya na Côte d'Ivoire, ikapata maoni ya kuungwa mkono na mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023.

Sinywi pombe. Altrasaundi inasema ini lina mafuta. Imetoka wapi?

Sukari, wanga mwingi, kitambi, kukaa. Ini hugeuza sukari iliyozidi kuwa mafuta na kuyahifadhi. Duniani inakadiriwa karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu analo, na wataalamu mwaka 2023 waliubadilisha jina ugonjwa huu ili uache kutajwa kwa pombe ambayo mgonjwa hanywi. Kwetu "ini lenye mafuta" lilikuwa linatosha tangu mwanzo.

Wengi hawafiki kwenye makovu. Wanaofika ni hasa wenye kisukari, kwa hiyo ukiwa nacho omba makovu yapimwe.

Zile sindano za kupunguza mwili zinatibu ini?

Kwa kiasi, ndiyo. Dawa ya kwanza kabisa kuidhinishwa Marekani kwa ini lenye mafuta lililovimba na kuota makovu ni kidonge cha resmetirom, Machi 2024. Jaribio lake lilikuwa na watu 966. Uvimbe uliisha kwa karibu 30 kati ya 100 waliomeza dozi kubwa, dhidi ya 10 kati ya waliomeza kidonge kitupu. Agosti 2025 ikafuata semaglutide, mojawapo ya hizo sindano za kupunguza mwili, inayodungwa kila juma. Hapo uvimbe uliisha kwa 63 kati ya 100 dhidi ya 34, na makovu yalipungua kwa 37 dhidi ya 22.

Iangalie ile 34 tena. Theluthi ya watu waliodungwa sindano isiyo na dawa nao uvimbe wao uliisha, kwa sababu walikuwa wanafuatiliwa, wakapunguza kula, au ini lilijirekebisha lenyewe. Jirani akikwambia alikunywa maji ya mizizi na ini likapona, huenda ini lilipona kweli. Bado hujajua kama ni mizizi.

Bei ya sindano hizi kwa mwezi huzidi mshahara wa watu wengi hapa. Ila Havana, Cuba, mwaka 2015, walichapisha utafiti wa wagonjwa 293 waliofuatiliwa mwaka mzima kwa chakula na kutembea tu. Waliopunguza asilimia 10 ya uzito, yaani kilo 9 kwa mtu wa kilo 90, uvimbe uliisha kwa 90 kati ya 100 na makovu yakarudi nyuma kwa 45. Hizo ni namba zinazozidi sindano. Waliofanikiwa kufika huko, hata hivyo, ni mmoja kati ya kumi. Hapo ndipo sindano inapopata wateja.

Dawa za "kusafisha ini"?

Ini halina uchafu wa kufuliwa. Baadhi ya mitishamba hiyo ndiyo inayoliharibu. Na mirungi nayo isisahauliwe: utafiti wa Harar, mashariki mwa Ethiopia, uliochapishwa 2018 ulikuta watafunaji wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa sugu wa ini.

Kahawa?

Habari njema kwa Bukoba na Moshi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021, wenye watu karibu 495,000, ulikuta wanywaji wa kahawa wana ugonjwa sugu wa ini pungufu kwa asilimia 21, hata wa kahawa iliyotolewa kafeini. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kuwa kahawa ndiyo iliyowakinga. Vijiko vinne vya sukari vinafuta shukrani.

Ni kweli China wamempandikiza mtu ini la nguruwe?

Ni kweli. Machi 2024 huko Xi'an liliwekwa ini la nguruwe mwenye jeni sita zilizohaririwa kwa mtu ambaye ubongo ulikuwa umekufa, likatoa nyongo kwa siku 10. Kisha Anhui wakamwekea mgonjwa hai, mzee wa miaka 71, na kisa chake kilichapishwa Oktoba 2025. Ini hilo lilisaidiana na lake mwenyewe siku 38 kabla ya kutolewa kwa matatizo ya damu kuganda, na mzee akaishi siku 171 kwa jumla. Alikuwa na saratani iliyoota kwenye ini lililosinyaa kwa virusi B.

Nikienda kupima niombe nini?

HBsAg, kipimo cha C, ALT, AST, na damu nzima ili upate chembe sahani. Ukikutwa huna B na hukuchanjwa, anza chanjo siku hiyohiyo. Ukikutwa nayo, omba altrasaundi, na uwataje ndugu wa mama mmoja, kwani huenda mlipata siku moja moja, kila mtu na yake ya kuzaliwa.

Na karatasi usitupe. Chembe sahani zilizokuwa 240 mwaka 2021, zikawa 190, sasa 150, zote zitaandikwa "kawaida" na maabara. Ukizipanga mezani kwa mstari daktari ataona zinateremka.